Maneno saba juu ya kikokotoo: uzi kuhusu hekima ya washairi wa kale wa Kitamil

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, kwa miaka minne nilifanya kazi katika ghala moja la Dar es Salaam, nikikaa meza moja na mhasibu kutoka Madurai, mji wa India ya Kusini, ambaye alikuwa amebandika juu ya kikokotoo chake kipande cha karatasi chenye mistari miwili ya maandishi ya mviringo ya Kitamil, lugha ya kwao. Nilidhani ni dua. Siku nilipomuuliza, alikataa kunipa maana kabla sijasikiliza sauti, akasoma taratibu: *Karka kasadara karpavai katrapin, nirka adarku taka.* Kisha akanieleza. Kwa Kiswahili changu ni hivi: "Jifunze bila doa yapasayo kujifunzwa; ukishajifunza, simama kwa kadiri ya ulichojifunza."

Sisi tuliolelewa na vina na mizani hatuwezi kuisikia sauti hiyo tukapita tu. Mshororo wa kwanza una maneno manne, na yote manne yanaanza na "ka". Mshororo wa pili una matatu, na neno lake la kwanza, *nirka*, linaitikia *karka* ya juu. Kwetu kina hukaa katikati na mwishoni mwa mshororo. Kwao kina hukaa mlangoni, kwenye herufi ya pili ya neno la kwanza. Maneno manne juu, matatu chini, jumla saba, na shairi limekwisha. Kwa istilahi zetu hiyo ni tathnia, ila ni tathnia inayojitegemea ubeti mmoja mmoja.

Ubeti huo ni wa 391 katika diwani iitwayo Tirukkural, ya mshairi anayejulikana kwa jina la Tiruvalluvar. *Kural* maana yake ni kitu kifupi, na *tiru* ni neno la heshima kama tunavyosema "tukufu". Diwani nzima ina beti 1330 zilizopangwa katika milango 133, kila mlango beti 10. Milango 38 ya mwanzo inahusu *aram*, yaani uadilifu wa mtu nyumbani kwake na wa aliyeuacha ulimwengu. Milango 70 inahusu *porul*, yaani mali, utawala na maisha ya watu pamoja. Na milango 25 ya mwisho inahusu *inbam*, yaani mapenzi. Kuhusu umri wake wataalamu wamebishana tangu zamani: wapo wanaouweka kabla ya Kristo, wapo wanaouteremsha hadi karne ya 5 au baadaye kidogo, na serikali ya jimbo la Tamil Nadu imejiamulia kuhesabu mwaka wake wa Valluvar kuanzia mwaka 31 kabla ya Kristo. Ukifika Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India bara, utaona mwambani, katikati ya maji, sanamu yake iliyozinduliwa tarehe 1 Januari 2000. Urefu wake ni futi 133, moja kwa kila mlango, na kati ya hizo futi 38 ni za kitako. Waliochora walikusudia uadilifu uwe ndicho kitako na mengine yote yasimame juu yake.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu nadhani tunaposifia "hekima za mashariki" huwa tunasifia hewa. Tunanukuu kwamba tuwe wakarimu, tuwe wapole, tusome kwa bidii, na hakuna anayehitaji mshairi wa miaka elfu na ushee aje kumwambia hayo. Ninachokiona katika Kural ni tofauti. Nguvu yake haimo katika nasaha. Imo katika kitu kinachoshikika alichokichagua mshairi ili kuibeba nasaha, na ukikiondoa kitu hicho hekima yenyewe inaondoka nacho.

Chukueni ubeti wake juu ya urafiki, wa 788. Angeweza kusema rafiki wa kweli hukusaidia wakati wa shida. Hakusema hivyo. Alisema urafiki ni kama mkono wa mtu ambaye nguo yake inamponyoka. Kila mwanamume wa pwani aliyewahi kufunga msuli anaijua hali hiyo: msuli ukilegea mbele za watu, mkono hauulizi, haupimi faida, hausubiri kuitwa; umeshafika kiunoni kabla akili haijatambua kuna nini. Katika picha hiyo mna mambo matatu ambayo nasaha peke yake isingeyabeba: kasi, kukosa hesabu, na kwamba kinachookolewa ni heshima ya mtu. Na mkono ukishaushika msuli hausubiri shukrani.

Au ubeti wa 475, katika mlango unaomfundisha mtawala kupima nguvu zake: "Hata mkokoteni uliopakiwa manyoya ya tausi huvunjika ekseli, yakizidi." Pale ghalani niliushuhudia ubeti huu kwa macho, ingawa tulichopakia kilikuwa magodoro ya sponji na wala si tausi. Kila aliyeongeza godoro alisema neno moja, "hili jepesi," na alikuwa mkweli. Gari lilikaa pembeni ya barabara siku mbili. Mwenzangu wa Madurai hakusema kitu, ila alicheka peke yake, na nilipomlazimisha aeleze ndipo nikausikia ubeti huo kwa mara ya kwanza.

Na kwa wenye mamlaka, ubeti wa 552: mfalme mwenye fimbo ya enzi mkononi anapoomba mali kwa raia wake, ni sawa na mtu aliyesimama na mkuki akisema "toa." Tazameni alivyoshona vitu viwili, fimbo na mkuki, wote wawili wamesimama, wote wawili wanatumia neno la adabu. Hakuna tusi hata moja ndani yake, na bado sijui tusi linaloweza kumfikia.

Naomba wenye ujuzi mchangie. Tafsiri ni zangu, nimezitoa katika maelezo ya mwenzangu yule na tafsiri za Kiingereza.

Kaskazi

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa utulivu na nakushukuru, lakini nina swali ambalo huenda wengi wanalo na wanaona haya kuliuliza. Haya yote si tunayo? "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." "Kauli njema hutoa nyoka pangoni." "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Methali zetu ni fupi kuliko hizo beti, zina picha zake, na tena hazina mwenyewe, kila mtu anazitumia. Nimewahi kusikia kwamba Kural ina ubeti unaosema kidonda cha moto hupona lakini kovu la ulimi haliponi. Bibi yangu wa Pangani, asiyejua Kitamil kiko upande gani wa bahari, angekwambia hivyo hivyo. Je, tunachokisifia ni hekima au ni ugeni wake tu?

Mleta uzi

Swali lako ni zuri na nilitamani liulizwe mapema. Ubeti unaoutaja ni wa 129, na unasema hivyo kweli: jeraha la moto hupoa kwa ndani, kovu la ulimi halipoi kamwe. Nakubali kwamba ubeti ule peke yake haumpiti bibi yako, na haidhuru.

Tofauti iko katika mpangilio. Methali hutoka kinywani jambo linapotokea, nayo hushinda kwa sababu inakuja mahali pake, kisha kesho yake methali iliyo kinyume nayo hutoka kinywani mwa mtu yuleyule na hakuna anayelalamika. Tunasema "mgeni njoo, mwenyeji apone," na tunasema "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," na kila moja ina siku yake. Valluvar hakuwa na ruhusa hiyo, kwa maana alijifunga kusema mara kumi juu ya jambo moja, beti kumi zikiwa uso kwa uso, na anayesema mara kumi hana budi kupingana na nafsi yake au kwenda ndani zaidi.

Tazama mlango wa 30, juu ya ukweli. Ubeti wa kwanza unauliza ukweli ni nini, kisha unajibu: ni kusema maneno yasiyomdhuru yeyote hata kidogo. Hajasema "kusema kilichotokea." Ubeti wa pili unakwenda mbali zaidi: hata uongo hushika nafasi ya ukweli, ukizaa wema usio na waa. Mtu aliyelelewa na "msema kweli mpenzi wa Mungu" atashtuka hapo, kama nilivyoshtuka mimi. Lakini ubeti wa tatu unamrudisha nyuma mara moja: usiseme uongo juu ya jambo ambalo moyo wako unalijua, kwani ukishausema, moyo wako wenyewe utakuunguza. Kwa beti tatu amefungua mlango, amekuonyesha nje, kisha ameurudisha na kuuacha wazi kidogo. Mlango wote unasomwa hivyo, na ukinukuu ubeti wa pili peke yake katika kesi ya wizi, umemsingizia.

Au majaliwa na juhudi. Mlango wa 38 unafungwa kwa kusema hakuna kitu chenye nguvu kuliko majaliwa, kwani hata ukipanga jingine, yenyewe yatatangulia kufika. Ukiishia hapo utasema mshairi huyu alikuwa mtu wa kukunja mikono. Lakini ukivuka hadi mlango wa 62, juu ya juhudi, unakuta ubeti unaosema hata jambo likishindikana kwa uwezo wa mungu, juhudi italipa ujira wa jasho la mwili. Na ubeti unaofuata, wa mwisho wa mlango huo, unasema wanaojitahidi bila kulegea wataona hata mgongo wa majaliwa yakikimbia. Kati ya beti hizo mbili, wa 380 na wa 620, kuna beti 239 za maisha. Sidhani alisahau alichokisema huko nyuma. Nadhani aliona kwamba mtu anayafahamu yote mawili, la kwanza akiwa kwenye maziko na la pili akiwa shambani.

Nimalize kwa mfano mgumu zaidi. Ubeti wa 656 unasema: hata ukimwona mama aliyekuzaa akishinda na njaa, usitende tendo ambalo watu wema watalilaani. Umo katika sehemu ya utawala, kwenye mlango wa usafi wa matendo ya waziri na mtumishi wa mfalme. Sisi tunajua hoja ya mama mgonjwa inavyotumika mtu anapochukua bahasha ofisini. Mshairi aliijua pia, na kwa makusudi alichagua mfano unaouma kuliko yote ili pasibaki mwingine wa kukimbilia.

Msomi wa Jioni

Kuna jambo halijaguswa. Huyu Valluvar alikuwa wa dini gani? Nimesoma kwingine kwamba alikuwa Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, kwingine kwamba alikuwa Mhindu, na yupo aliyeniambia alikutana na mafundisho ya Kikristo kule Mylapore, mtaa wa mji wa Chennai.

Mleta uzi

Nitajibu kwa ufupi, kwa kuwa mabishano haya yamemaliza wino wa watu wengi. Wajaini wanamdai kwa sababu ya milango yake juu ya kutoua na kutokula nyama, Wahindu wa madhehebu ya Shiva na ya Vishnu wanamdai kwa maelezo yao, na G. U. Pope, mmisionari aliyeitafsiri diwani nzima kwa Kiingereza mwaka 1886, alijipa moyo kwamba mshairi huyo aliwahi kusikia injili. Diwani yenyewe inaanza kwa kumsifu Mungu bila kumtaja kwa jina la dhehebu lolote: kama vile "a" ilivyo mwanzo wa herufi zote, ndivyo Mola wa mwanzo alivyo mwanzo wa ulimwengu. Mara tu baada ya mlango huo wa Mungu unafuata mlango wa mvua. Naupenda sana mfuatano huo. Wahindi wa kale waliandika juu ya malengo manne ya maisha, la nne likiwa ni kuokoka na mzunguko wa kuzaliwa upya, lakini Valluvar ana vitabu vitatu tu, na cha mwisho ni cha mapenzi.

Mtu huyo mcha Mungu ndiye aliyeandika pia ubeti wa 1062, ambao sijauona mfano wake kwa mshairi wa dini yoyote: ikiwa kuna mtu analazimika kuishi kwa kuombaomba, basi aliyeuumba ulimwengu naye atangetange mpaka aangamie.

Bint Pwani

Naomba nami niseme, kwa heshima. Nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya diwani hii miaka michache iliyopita, na nilipofika ubeti wa 55 niliiweka kando kwa mwezi mzima. Unasema mke asiyeabudu mungu bali huamka akimwabudu mumewe, akisema "nyesha," mvua hunyesha. Halafu kuna mlango wa 91 wote, beti kumi, za kumkejeli mwanamume anayemsikiliza mkewe. Ninyi wanaume mnapokaa kusifu mkokoteni wa tausi, mbona hamzitaji hizo? Au hekima ya kale ni ile tunayoichagua, na iliyobaki tunaifunika kitambaa?

Mleta uzi

Bint Pwani, umenikamata, na sina utetezi wa kukuletea. Wapo wafasiri wa Kitamil wa karne iliyopita waliojaribu kuupinda ubeti wa 55 useme kwamba mke wa namna hiyo ana thamani kama mvua inyeshayo wakati inapohitajika. Huenda sarufi inawaruhusu, lakini mfasiri mkubwa wa zamani, Parimelalagar wa karne ya 13, hakuuelewa hivyo, na mimi naona ubeti unasema unachokisema. Mlango wa 91 ni mbaya zaidi, kwa sababu hata picha zake ni hafifu. Yale mambo ya mkono na msuli hayapo. Kuna kemeo tu. Hilo lenyewe linanipa neno: pale aliposema kitu alichokirithi bila kukitazama, hata sanaa yake ilimkimbia.

Nitakuongezea moja tu, wala si kwa kupunguza ulichosema. Beti mbili baada ya ule wa 55, anauliza ulinzi wa kumfungia mwanamke ndani unafaa nini, kwani ulinzi wa kweli ni ule anaojilinda mwenyewe. Na katika mlango wa 15 anamgeukia mwanamume, na anasema uanaume mkubwa ni kutomtazama mke wa mwenzio. Wale waliokuwa wakisoma mlango wa wake wakitikisa vichwa, sijui walitikisa nini walipofika hapo.

Dau la Mtande

Mmejifungia katika Kural peke yake, ilhali bahari ni pana. Miaka ya nyuma nilikaa Durban kwa kazi, mji wenye Watamil wengi ambao mababu zao walianza kuletwa mwaka 1860 kulima miwa, na nyumba niliyopanga ilikuwa na mstari mmoja umeandikwa ukutani: *Yadum ure, yavarum kelir.* "Kila mji ni mji wetu, kila mtu ni jamaa yetu." Hayo ni maneno ya Kaniyan Pungundranar, na ni shairi la 192 katika Purananuru, mkusanyiko wa mashairi 400 ulio wa kale kuliko Kural, wa zama zinazoitwa Sangam. Majani ya mvumo yaliyobeba mashairi hayo yangeoza bila kusomwa kama mwanazuoni U. V. Swaminatha Iyer asingeyakusanya, kuyalinganisha na kuyachapisha mwaka 1894. A. P. J. Abdul Kalam, aliyekuwa Rais wa India wakati huo, aliunukuu mstari huo mbele ya Bunge la Ulaya mwaka 2007.

Shida yangu ni kwamba kila mtu ananukuu mstari huo wa kwanza na kuufanya wimbo wa undugu. Shairi linaendelea. Linasema ubaya na wema hatuletewi na wengine. Maumivu na kupoa kwake ni vivyo hivyo. Kufa si jambo jipya. Hatushangilii kwamba maisha ni matamu, wala kwa hasira hatusemi ni machungu. Kisha inakuja picha: umeme unapasua, mawingu yanamwaga matone ya baridi, mto mkubwa unanguruma ukigonga miamba, na uhai wetu ni chelezo kilichochukuliwa na maji hayo, kinakwenda kunakokwendeka. Na mwisho wake ndio uliokuwa kusudi tangu mwanzo: kwa sababu tumeyaona haya, hatuwastaajabii wakubwa, na kuwadharau wadogo hilo ni mbali zaidi.

Someni mnavyotaka, lakini mimi ninavyolisoma, undugu wa mstari wa kwanza hautokani na ukarimu. Unatokana na chelezo. Watu waliomo ndani ya chelezo kimoja hawaulizani makabila.

Katika mkusanyiko huohuo kuna shairi la 189, la Nakkirar, ambalo nililinakili kwenye daftari langu la matumizi. Linamweka mfalme anayetawala dunia nzima iliyozungukwa na bahari, chini ya mwavuli wake mweupe, kando ya mwindaji asiye na elimu anayekesha usiku na mchana akifuata wanyama, kisha linasema: wanachokula wote wawili ni kibaba kimoja, wanachovaa ni nguo mbili, na mengine yote ni sawasawa. Neno la asili ni *nazhi*, kipimo chao cha nafaka, na nadhani ni mara chache lugha mbili zimepeana neno kwa urahisi hivyo. Kwa hiyo, linasema shairi, faida ya mali ni kutoa; tukisema tutaila wenyewe, mengi yatatuponyoka.

Na la 182 ni la mfalme kijana wa ukoo wa Pandya ambaye historia imemhifadhi kwa jina la "aliyefia baharini." Anasema ulimwengu huu bado upo kwa sababu wapo watu ambao, hata wakipata chakula cha miungu, hawatakila peke yao. Sisi wa pwani tunaposoma jina la mtunzi ndipo tunaposoma shairi mara ya pili.

Kaskazi

Ndugu Dau la Mtande, nimeshindwa kubisha. Hicho kibaba kimenimaliza.

Mzee wa Dodoma

Niongeze dogo. Ubeti wa 396 unasema kisima cha mchangani hutoa maji kadiri unavyokichimba, na akili ya mtu hutoa maarifa kadiri anavyosoma. Waliozoea visima vya matofali wanadhani ni maneno ya shule tu. Sisi huku, kiangazi mto unapokauka, tunachimba mchangani kwenye korongo, na jambo usilolijua kama hujachimba ni kwamba mchanga hujirudia. Ukichimba jana na leo usichimbe, huna kisima. Sijui mshairi alikusudia hilo, lakini mwenye jembe ndiye atakayelisoma hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema ulimwengu, uzunguke unavyozunguka, unafuata nyuma ya plau.

Nina swali pia. Kuna msemo wa Watamil kwamba mwarobaini na mti mwingine ni dawa ya meno, na beti mbili na nne ni dawa ya maneno. Ni kweli?

Mleta uzi

Mzee wangu, la mchanga kujirudia sikulijua kabisa, na nitamwandikia mwenzangu wa Madurai leo.

Msemo upo, ila mwarobaini haumo, ingawa huonekana hivyo katika tafsiri nyingi. Kwa Kitamil ni *alum velum pallukku urudi, nalum irandum sollukku urudi*. *Al* ni aina ya mtini mkubwa wenye mizizi inayoning'inia, na *vel* ni mgunga. Mwarobaini kwao ni *vembu*. Kwa hiyo: miswaki ya mtini na mgunga huimarisha meno, na nne na mbili huimarisha usemi. Mbili ni Kural, tathnia; nne ni Naladiyar, mkusanyiko wa tarbia 400 unaonasibishwa na watawa wa Kijaini. Masimulizi yanasema watawa 8000 waliondoka Madurai usiku bila kumuaga mfalme, kila mmoja akiacha ubeti mmoja chini ya mkeka wake. Mfalme akakasirika na kuamuru majani yote yatupwe katika mto Vaigai, na 400 kati yake yakaogelea kupanda mto. Ni kisa tu, lakini kimenifanya nisome kila ubeti wa Naladiyar nikijiuliza kama huu ungepanda au ungeshuka.

Bint Pwani

Na kile kitabu cha tatu, cha mapenzi, mbona kila mtu anakipita kama amepita mlango wa jirani? Mimi nilirudi kwenye diwani kwa sababu yake.

Mleta uzi

Wengi wanakipita, na wapo wanaowafundisha watoto vitabu viwili vya kwanza tu. Padre Beschi, aliyeitafsiri Kural kwa Kilatini mwaka 1730, alikiacha kabisa. Nakuachia wewe ukiseme.

Bint Pwani

Basi nitasema beti mbili tu, wa 1317 na wa 1318, kutoka mlango wa kununiana. Msemaji ni mwanamume. Kwao mtu akipiga chafya, inaaminiwa kwamba kuna anayemkumbuka mahali fulani, kama kwetu mtu anavyoambiwa anasengenywa akijiuma ulimi. Anasimulia: nilipiga chafya, akaniombea heri; papo hapo akaangua kilio, akauliza, ni nani huyo aliyekukumbuka hata ukapiga chafya? Ubeti unaofuata: safari hii chafya ilinijia nikaibana, naye akalia tena, akasema, unanificha kwamba watu wako wanakukumbuka?

Mume wangu nilimsomea beti hizo jikoni akiwa anamenya vitunguu, macho yanamtoka machozi na pua inamwasha, na alibaki ameshika kisu, hajui aipige au aibane.